Tiketi ya Ndege Niliyomtumia Baba

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hadi leo uso hunishuka. Nilikuwa karani jijini Dar es Salaam, binti wa miaka ishirini na minne, na kesho yake nilikuwa naolewa. Baba yangu, muuza vitambaa wa Gongoni hapa Tabora, ndiye aliyekuwa walii wangu. Bila yeye ndoa haifungwi. Nikamtumia tiketi ya ndege. Nikajigamba kwa mashoga zangu, "Kutoka Tabora ni saa moja na nusu tu angani. Treni waachieni wasio na haraka." Ujana huo, mwanangu!

Ndege ikatua, abiria wakashuka wote, baba hayumo. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Siku ya ndoa shehe akangoja mpaka alasiri, wakwe wakaanza kunong'onezana, mwishowe shughuli ikasogezwa kesho yake. Kulipokucha nikakimbilia stesheni, huenda amekuja kwa treni.

Ngoja kwanza nikwambie jambo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikachukuliwa na Shangazi Zuhura, dada yake baba, aliyeolewa Dodoma. Alinilea miaka tisa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Zamani nikisafiri kwa treni nilikuwa nashuka kumjulia hali, maana reli yetu inafuata njia ileile ya wapagazi wa kale, na kwake ni njiani. Nilipoanza kupata mshahara nikahamia kwenye ndege. Mwaka wa kwanza nikampita, wa pili, wa tatu. Hata habari ya ndoa sikumpelekea. Nilisema nitamwandikia mambo yakiisha.

Basi treni ikaingia. Nikamwona baba anashuka, kanzu imejaa vumbi. Hata shikamoo nilisahau.

"Baba, umeniaibisha! Tiketi nilikutumia ya nini?"

Aligeuka, akanyoosha mkono, akamshusha taratibu bibi mmoja aliyevimba miguu. Alikuwa Shangazi Zuhura. Akanishika mashavu kwa viganja viwili.

"Salma wangu! Baba yako kaniambia umemtuma anipitie. Ahsante, mwanangu. Mimi nilidhani umeshanisahau."

Nilimtazama baba. Akainama, akajifanya anafunga mzigo. Nikalia pale pale, shangazi akaniambia nisilie, bibi harusi halii kabla ya wakati.

Jioni ile ndoa ikafungwa. Shangazi ndiye aliyenivisha, akinilalamikia kwamba nimekonda. Baadaye nikamfuata baba kumwomba radhi. Akasema tu, "Wewe ulikuwa umeshamruka mara nyingi, Salma. Na mimi nimruke?"

Shangazi aliishi miaka minne baada ya hapo, na kila likizo nilikuwa kwake. Siri ile hakuijua. Nilitaka kumwambia, lakini kila nikijaribu niliishia kumkanda miguu.

Mwanangu, ndege ipande, sina ugomvi nayo. Mwenye mgonjwa anaijua thamani yake. Lakini ukiifupisha safari, usiwakate waliokufikisha. Saa ulizookoa angani wapelekee wao, wangali hai na wanaijua sauti yako. Na ukipata mtu wa kukusitiri kosa lako kama baba alivyonisitiri, usilirudie.

Nenda salama, mwanangu. Mola akufungulie kila njia, na kila mlango utakaobisha akutangulizie mtu wa kukuitikia "karibu."