Nyota ya Binti Yangu Kwenye Kompyuta ya Mtani

Nikiwa naandika, kompyuta yangu ya mezani haikuwa na neno. Ripoti za ofisini ningeandika asubuhi mpaka jioni, nayo imetulia tuli. Ilikuwa inakufa nikicheza gemu. Jumamosi mchana, mpira umenoga kwenye skrini, mshambuliaji wangu amebaki na kipa tu, mara pu! Giza. Taa ya sebuleni inawaka, feni inazunguka, mtaa wetu wote wa Nzuguni una umeme, kompyuta peke yake imekata kauli.

Aliyekuwa akikaa pembeni yangu na pedi ya pili mkononi ni mtani wangu. Simwiti rafiki, neno hilo halitoshi. Sisi Wagogo na kabila lake tunataniana tangu enzi za mababu, na yeye utani aliubeba kwa moyo wote. Siku tuliyomzika baba alilala mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe koti la marehemu. Akalivaa na joto lile, akatembea kama baba, mkono mmoja mgongoni, akiuliza ni nani amekula kuku wake. Nililia na kucheka kwa pamoja. Tangu hapo, iwe furaha iwe shida, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye.

Hata kompyuta alikuwa ananisafishia yeye. Vumbi la Dodoma mnalijua: unafuta meza, unakwenda kuchukua chai, ukirudi meza imeshabadilika rangi. Kiangazi kikikolea alikuwa anaichukua, anakwenda kuipuliza kwake Miyuji, anairudisha inang'aa. Mara ya mwisho pia aliirudisha inang'aa. Jumamosi iliyofuata ndiyo ikaanza kuzimika.

Nikahangaika. Kwanza nilidhani ni joto, nikafungua ubavu wa boksi na kuielekezea feni. Ikazima. Nikabadilisha soketi ya ukutani, ikazima. Nikaazima stebilaiza kazini, ikazima. Nikanunua dawa ya kupozea prosesa, nikaipaka mwenyewe huku nimebana pumzi; siku hiyo ilizima hata kabla ya mapumziko. Muda wote huo mtani alikuwa amenishikia tochi.

"Mtani, mashine imezeeka kama wewe," aliniambia. "Gemu za siku hizi nzito. Achana nayo, uwe unakuja kucheza kwangu. Yangu haina shida."

Nikacheka. Nikaona mwenzangu ana huruma.

Kilichobaki kukagua kilikuwa pawa saplai, kile kiboksi cha nyuma kinachogawa umeme kwa kila kitu humo ndani. Nilikuwa nimesoma kwamba kikiwa dhaifu, kompyuta itakuandikia barua bila taabu, lakini gemu likianza kuvuta umeme mwingi inajizima. Haikuniingia akilini, maana changu nilinunua chenye nguvu kupita mahitaji. Hata hivyo nikafungua skrubu nikitazame. Siku tulipokifunga, binti yangu alibandika ubavuni stika ya nyota ya dhahabu, zile anazopewa na mwalimu wake akipata vema zote. Nilimkataza, akabandika hivyo hivyo.

Nyota haikuwepo. Nikapitisha kidole nikidhani imebanduka. Kisha nikaona kuwa kiboksi chenyewe hakikuwa changu. Kilikuwa kidogo, kina kutu pembeni, na nguvu iliyoandikwa juu yake haikufika nusu ya kile nilichonunua. Nikakaa sakafuni na bisibisi mkononi, nikijaribu kumtafutia mtani sababu. Nilizitafuta kwa bidii kweli, sikupata hata moja.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Miyuji. Nilimkuta anacheza, ubavu wa kompyuta yake ameuacha wazi kwa ajili ya joto. Tukasalimiana kwa matusi kama kawaida yetu. Nikainama. Nyota ilikuwa humo, kona moja imejikunja.

"Mtani, hiyo nyota ni ya mwanangu."

Akaitazama, akaachia kile kicheko chake. "Sasa mtani akichukua cha mtani imekuwa kesi? Si hata koti la mzee nilichukua!"

"Koti ulichukua watu wote tunakuona."

Kwenye skrini wachezaji wake walikuwa wamesimama wanafungwa. Akazima, akafungua skrubu mwenyewe, akanikabidhi kiboksi bila kuniangalia usoni.

Kiboksi ningemsamehe. Angeniomba, ningempa, na angekichukua mbele yangu huku ananitukana, ningewasimulia watu nikicheka. Ile tochi ndiyo imenishinda. Alinimulikia nikitafuta kitu ambacho alijua kipo nyumbani kwake, na juu yake akanipa pole.

Kompyuta haizimi tena. Nacheza peke yangu, na mara nyingi naiacha mechi katikati.

Mwaka huu tumemzika shangazi. Mtani alikuja, na sikutegemea asije. Akalala mlangoni, akazuia jeneza, akadai kanga mpya za marehemu. Watu wakaanza kucheka na kufuta machozi. Yeye alikuwa ananitazama mimi, anasubiri nimtukane, kama mtani anavyostahili kutukanwa.

"Samahani, ndugu yangu," nikamwambia kwa adabu zote. "Tunaomba kupita."

Kicheko kikakatika. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akatupisha.