Kilomita Elfu Tisa na Kivuko cha Kamanga

Simu yangu ndiyo iliyonitia kiburi. Niliandika uwanja wa ndege wa Guangzhou, China, anakoishi dada, nikaandika na wa Mwanza, ikanijibu papo hapo: kilomita elfu tisa na ushee, angani saa kumi na mbili hivi. Nikamtangazia mama, nyumbani kwetu Kamanga, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza: "Dada anatua kesho saa nane mchana. Saa kumi yuko mezani hapa!"

Mama akaacha kupara samaki. "Na kusubiri umekuhesabu?"

"Kusubiri nini, mama? Hii ni ndege, siyo kivuko!"

Mama amevuka kwenda kuuza samaki Mwanza miaka yote, anajua kwamba majini ni nusu saa tu, ila siku nzima inaliwa na foleni. Mimi msomi nikamcheka.

Kwake hayakuwa mambo ya kucheka. Miaka tisa nyuma, asubuhi dada anaondoka, mama alimpakulia sato wa moto, kisha akamnyang'anya sahani kabla hajamega tonge la pili: "Inuka, kivuko kitakuacha!" Dada akaenda China na njaa. Na kivuko chenyewe siku hiyo, jamani, kilichelewa! Mama hakujisamehe. Alitaka kitu kimoja tu: dada ale sato wa moto mpaka ashibe.

Basi kesho yake saa kumi sato yuko mezani, dada hayupo. Kumbe hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kule hadi kwetu! Simu ilipima mstari ulionyooka tu. Haikupima dada kukaa Addis Ababa, wala kulala Dar es Salaam akingoja ndege ya asubuhi. Yule sato nilimla mimi, mama ananitazama. Niliona aibu, nisiseme uongo.

Asubuhi iliyofuata nilivuka kwenda kumpokea dada uwanja wa ndege. Mama alisema yeye hatoki jikoni. Tukafika gatini upande wa Mwanza, dada na mimi na masanduku manne, kivuko ndiyo kwanza kinashusha abiria. Nani yule mbele? Mama, kakumbatia hotpoti iliyofungwa khanga mbili.

"Shikamoo mama!" Dada machozi tayari.

"Marahaba. Kaa ule. Hesabu za huyu zimenichosha."

Dada akakaa juu ya sanduku, akanawa kwa maji ya chupa. Sato alikuwa bado anafuka mvuke. Hajafika hata nusu, honi ikalia, watu wakaanza kukimbia. Nikadaka masanduku mawili. "Dada, inuka! Tutaachwa!"

Mama akanichapa kofi mkononi. "Kiache kiende."

Akachambua mnofu wa shavuni, akausogeza upande wa dada. "Kula, mwanangu. Kula polepole."

Kivuko kikaondoka bila sisi.