Mstari Niliouchora Bila Kufika

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha ramani, Sajinimeja alinikabidhi kifutio kabla ya penseli. "Wewe Mpare," alisema, "nasikia kwenu mnabana kila kitu. Bana vyote, lakini kifutio usikibanie. Ramani isiyofutwa inaua watu." Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Maore juzi tu.

Kazi ya mchora ramani wa jeshi, vijana wangu, ni ya subira. Juu ya ramani ya karatasi unatandaza plastiki angavu, na juu yake unachora vikosi, mahandaki na njia za kurudi nyuma. Vita vikisogea unafuta, unachora upya. Msiogope kufuta, hata mimi nilichelewa kujifunza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa koplo, nilipelekwa na walinda amani katika nchi jirani iliyokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Jina lake silitaji, maana waliokufa kule wana ndugu. Jeshi la serikali liliongozwa na Jenerali. Waasi waliongozwa na Kamanda, ambaye zamani Jenerali alimfundisha chuoni. Walipigania daraja, likatekwa na kukombolewa mara tatu. Kisha wakagombea mlima ulio juu ya daraja. Kamanda aliwapandisha watu wake upande wa mwamba, ambako hakuna aliyewatazamia, na Jenerali akapoteza mlima na karibu kikosi kizima. Yote hayo niliyachora. Mshale mmoja kwenye ramani ni watu wengi wanaopanda mlima na njaa.

Mwishowe walichoka, wakakubali kusimamisha mapigano ili viongozi wao wazungumze. Mkuu wetu, Kanali, aliniagiza nichore mstari ambao hakuna upande ungeruhusiwa kuuvuka. Niliufuatisha na korongo, ukatoka safi kabisa.

"Umefika mwenyewe, Koplo?" aliuliza.

"Ramani iko wazi, afande."

Sikuwa nimefika. Chini ya mlima kulikuwa na chemchemi moja tu, na mstari wangu uliiacha yote upande wa serikali.

Siku ya tatu, waasi wawili walishuka na madumu. Walipigwa risasi, wakafa palepale. Kabla ya adhuhuri pande zote zilikuwa zimerudi kwenye mahandaki. Risasi moja zaidi, na daraja lingepiganiwa mara ya nne.

Kanali hakunifokea. "Kwenu mnamwagilia vipi?"

"Kwa zamu, afande. Mlimani kuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji. Likifunguliwa, kila nyumba ina zamu yake, hata wasiosalimiana."

"Umekulia kwenye zamu ya maji. Ulisahauje maji?"

Akaniambia nichukue plastiki yangu, tukashuka hadi chemchemini na bendera nyeupe. Jenerali na Kamanda walikuja, kila mmoja na walinzi wachache. Dumu moja lilikuwa bado limelala matopeni.

"Mwalimu," Kamanda alisema.

"Umekonda," Jenerali alijibu.

"Mlima niliokunyang'anya hauna maji."

Kanali alinisukuma mbele. Nikaeleza: upande mmoja uteke asubuhi, mwingine jioni, bila silaha, na wanaosubiri wakae mahali wanapoonekana.

"Na nani aanze?" Jenerali aliuliza.

"Kwetu, mzee, nyumba yenye msiba hupewa maji kwanza."

Jenerali aliligeukia lile dumu. Kisha akainama, akaliokota, akampa Kamanda. "Basi waanze wao."

Nilifuta mstari wangu palepale, plastiki ikiwa juu ya goti, nikaizungushia chemchemi duara lisilo la upande wowote. Zamu ile ilishika hadi mkataba ulipotiwa saini.

Sasa nimestaafu, niko Maore. Vijana huniuliza ni nani alikuwa hodari zaidi, Jenerali au Kamanda. Nawasimulia daraja na mlima, maana ni vizuri wajue. Lakini wale wawili wa madumu sikuwahi hata kuuliza majina yao.

Zamu yetu ya maji ikifika, mwanangu hunipigia simu kutoka shambani: "Baba, mfereji uko sawa, pumzika." Namshukuru, navaa viatu, naenda kuutazama mwenyewe.