Mubilizi Nilioung'oa kwa Aibu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi huko Izimbya ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa nimemaliza sekondari, miaka ile ugonjwa wa UKIMWI ukipita nyumba kwa nyumba. Ulikuwa umemchukua kaka yangu na mkewe, ukatuachia binti yao Koku, hajatimiza hata mwaka. Aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja.

Pembeni mwa kibanja, shamba letu la migomba, uliota mubilizi, ule mti wa majani machungu. Wagonjwa walikunywa maji yake, kwa hiyo aliyeukuta umechumwachumwa alijua ndani kuna mgonjwa. Niliona aibu. Baada ya mazishi niliung'oa wote. Hakuna aliyenituma.

Kiangazi kikaja, nyasi za rweya, ile mbuga yetu ya wazi, zikakauka. Nilimshindilia ng'ombe nyasi hizo, lakini maziwa yalishuka hadi kikombe kimoja. Koku akaanza kulegea shingo.

Asubuhi hiyo shangazi, tuliyeishi naye, aliweka kikombe hicho mbele yangu.

"Msomi, tumbo la ng'ombe limejaa, mbona kiwele kitupu?"

"Si kiangazi, shangazi?"

"Kiangazi kimeanza leo? Baba yako alimpa ng'ombe mubilizi. Nyasi kavu zinajaza tu, nguvu iko kwenye majani mabichi. Wewe umeficha aibu yako, mtoto anakufa njaa."

Nikaenda kuomba majani kwa jirani, nikarudi mchana kweupe na mzigo wa mubilizi kichwani.

"Msomi, nani tena mgonjwa kwenu?" mmoja wa watu waliokaa njiani akaniita.

"Ng'ombe!" nikajibu kwa sauti. "Na atapona!"

Wakacheka, nami nikacheka. Nilipita hapo kila siku. Ng'ombe alisusa mwanzoni, kisha akazoea, na maziwa yakapanda mpaka kibuyu kikajaa. Koku akainua shingo, akatambaa, akaniita baba! Nikachomeka vipande vya mubilizi upya, na wale wale waliocheka wakaja kuomba mbegu. Leo Koku ni mama wa watoto watatu, na ng'ombe wake ni wanono kuliko wangu.

Basi, mwanangu, usidharau kinachojiotea katika ardhi yenu, wala usikikate kwa kuogopa macho ya watu. Mifugo ikidhoofu, tafuta kilichobaki kijani, uwaulize waliofuga kabla yako. Mungu akujalie zizi lenye maziwa na watoto wenye afya, akuepushe na aibu kama ile yangu.