Usibebe Tena Kitu Kizito

Juzi, katika kituo kimoja cha afya huku Ndosho, nilingoja zamu nyuma ya mama aliyekimbia vita Masisi. Maumivu yalimwanzia kiunoni, yakapita kwenye tako, yakashuka mpaka unyayoni, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Muganga alipomwinua mguu akiwa amelala, mama aliuma kitenge chake asipige kelele.

"Ni diski ya mugongo. Imetoka, inafinya mushipa wa mguu. Ulibeba nini, mama?"

Akaonyesha kwa kidevu bibi kizee aliyekaa kwenye benchi. "Nilimubeba mama yangu. Toka Masisi mpaka huku."

"Wengi wanapona bila kupasuliwa. Kunywa dawa, tembea polepole. Mukojo ukikatala kutoka, ao mguu ukilegea, rudi mbio. Na usibebe tena kitu kizito."

Bibi kizee akadakia: "Basi vita ikifika tena, muniache."

Muganga alisema kweli tupu, ila dawa yake inataka mgonjwa asiyekimbizwa.

Binti wa bibi kizee akakaza kitenge kiunoni, akainama mbele ya benchi.

"Panda, mama. Twende."