Mlango Ulioachwa Wazi San Melquíades

Kazi yenyewe haina mshahara. Huku San Melquíades, kijiji cha Mexico, mkutano wa kijiji ukishakutaja jina, mwaka mzima ni utumishi, upende usipende. Delfina Yescas, fundi cherehani, alitajwa kuitunza seva, ile kompyuta inayoendesha simu za kijiji, na malalamiko yake yote hayakumsaidia kitu. Akajifunza, akaweza, na tuseme ukweli, akawapita wanaume wote waliomtangulia.

Asubuhi moja, akikagua milango ya mtandao kwenye seva, akakuta mmoja uko wazi bila idhini. Mgeni yeyote angeweza kupenya hapo akazima simu za kijiji kizima. Don Wulfrano, mwenyekiti, hakutaka maelezo: ufungwe kabla ya saa sita mchana.

Lakini Delfina hafungi kitu asichokijua. Akaifuatilia programu iliyoushikilia mlango ule, akakuta iliwekwa na Fidencio, aliyeshika kazi hiyo mwaka jana. Akamfuata kwenye uwanja wake wa kuanikia kahawa, damu inamchemka, akamuuliza anamuuzia nani siri za kijiji. Fidencio hakubisha. Alimwambia tu aingie kwenye mlango huo mwenyewe kwa simu yake, asikilize.

Akasikia kengele ya kanisa lao. Akasikia mashine ya kusaga mahindi, bata mzinga, mtu anamgombeza punda. Kumbe juu ya paa la ofisi ya kijiji palikuwa na maikrofoni, ikipeleka sauti nje kupitia mlango ule.

"Ni wetu walioko Kaskazini, Marekani," Fidencio akasema. "Hawana karatasi za uhamiaji, kurudi hawawezi. Wanasikiliza nyumbani, dada. Basi."

Programu ilionyesha wasikilizaji sitini na watatu. Mmoja alikuwa hajajitoa kwa siku kumi na moja.

Saa sita kasorobo akapanda paani na kompyuta yake. Kuwakatia bila kuwaaga aliona ni ukatili. Akasema kwenye maikrofoni, kwa Kizapoteki, lugha ya kwao, yeye ni nani, na kwamba ameamriwa kufunga. Wao hawakuwa na njia ya kujibu. Ila idadi yao ikaanza kupanda: themanini, mia na ishirini, mia tatu. Walikuwa wanaitana huko. Mia tano na kumi, na kijiji chenyewe kina watu mia nne. Delfina alikaa chini.

Don Wulfrano akapanda ngazi akihema, tayari kufoka. Delfina akamgeuzia kompyuta, akamweleza ile namba ni ya kina nani. Mzee akaitazama, akavua kofia. Kwa miaka tisa alikuwa amekataza jina la binti yake aliyekwenda Kaskazini lisitajwe mbele yake. Akaisogelea maikrofoni.

"Nereida," akasema. "Mwanangu. Kama na wewe umo humo, ni mimi baba yako."

Kisha akamuuliza Delfina, kwa sauti ndogo, kama kuna namna mtu wa huko anaweza kujibu.