Viti vya Kitenge kwa Pikapu Isiyounguruma

Kazi yangu ya kwanza Toronto niliipata kwa sababu ya cherehani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi na mume wangu tukikaa mtaa wa Jane and Finch. Mama mmoja wa kanisani akanidokeza kwamba kule Downsview, katikati ya maghala, kuna mzee anashona viti vya magari na anatafuta msaidizi. Morogoro nilikuwa nikishona sare za shule. Nikajiambia, kiti hakina mikono wala kola, kitanishinda nini?

Kilinishinda wiki nzima. Ngozi haina huruma: ukikosea, tundu la sindano linabaki palepale likikutazama. Mzee hakunigombeza. Alikuwa mfupi, mnene, masikio yameshachoshwa na injini, kwa hiyo alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Nyuma ya karakana aliweka gari lake mwenyewe, jekundu, la miaka ya thelathini, paa limekatwa na kushushwa, injini iko wazi. Mume wangu alipokuja kunichukua aliliangalia, akaninong'oneza, "Boneti imeibiwa?"

Nilipomtafsiria, mzee alicheka mpaka akashika meza. Akatueleza kwamba magari hayo huitwa hot rod. Ujanani mwake, vijana wasio na kitu waliokota magari ya zamani, wakayavua kila kilicho kizito, wakayatia injini kubwa ya gari jingine ili yakimbie.

"Hata kwetu tunatia injini ya gari jingine," mume wangu akasema, "lakini ili lifike tu."

Mzee alilipenda jibu hilo. Alilirudia kwa wenzake Ijumaa iliyofuata, kwenye maegesho ambako walikutana kila Ijumaa jioni wakati wa kiangazi. Walikuwa wazee wenye viti vya kukunja na chupa za kahawa, na kila mmoja ameegesha gari lake mbele yake kama mtu anayechunga ng'ombe mmoja. Bosi alinishika mkono, akanipeleka gari hadi gari. "Huyu ndiye aliyeshona hivi!" alipaza sauti. Nilikuwa mwanamke pekee, nimevaa gauni la kitenge, nikiamkiwa kama mgeni rasmi.

Baada ya miaka michache, upande wa pili wa maegesho wakaanza kuja vijana. Walikuwa na magari madogo ya Kijapani, egzosi pana kama kopo la maziwa, na taa za bluu chini ya milango. Wazee walinuna. "Masufuria yanayopiga kelele," bosi alisema, na yeye akiwasha la kwake vioo vya duka vilitetemeka.

Ijumaa moja, kutoka ndani ya sufuria mojawapo, jeupe, lenye bawa nyuma, akashuka mjukuu wa bosi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kila mtu pale alimjua tangu akiwa wa kubebwa.

"Babu, njoo uone."

"Nimeshaona."

"Hata hujasogea!"

"Nimesikia. Inatosha."

Kiangazi kizima hakulisogelea gari lile. Msichana hakukasirika. Alikuja karakana kula nasi chakula cha mchana, na siku moja akaniomba nimshonee viti vyeusi kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nikivishona wakati bosi alipopita nyuma yangu. Akasimama.

"Mshono huo umepinda," akasema.

Akanisogeza, akakaa, akaufumua wote na kuushona upya mwenyewe. Ijumaa hiyo aliweka kiti chake katikati ya maegesho, si kwa wazee wala si kwa vijana. Taratibu wengine wakamfuata, na ikawa desturi.

Miaka ikaenda. Wale vijana wakaoa, wakaota vitambi, wakanunua viti vya kukunja. Mjukuu akawa mhandisi, akahamia Richmond Hill, na mwaka mmoja akaleta karakana pikapu ya zamani ya kijani. Injini alikuwa ameitoa, akaweka mota ya umeme na betri.

"Nataka kiti cha kitenge," akaniambia. "Kama yale magauni yako."

"Kitachanika."

"Mbona yako hayachaniki?"

Nilimpigia simu mama yangu kule Morogoro, akatuma kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Nilikiwekea turubai chini, na pembeni panaposuguliwa na mapaja nikatia ngozi. Hadi leo ndicho kiti ninachokipenda kuliko vyote.

Pikapu ilipoingia kwenye maegesho hakuna aliyeisikia, na bwana mmoja aligeuka ikiwa karibu naye, akaruka na kujimwagia kahawa. Wakaizunguka. "Gari gani halina sauti?" mmoja akalalamika. Nilimtambua: ndiye ambaye egzosi yake zamani iliamsha ving'ora vya magari ya watu. Nilicheka mpaka nikalazimika kugeukia pembeni.

Bosi alikuwa amepita themanini na haendeshi tena. Tulimpandisha, akakaa katikati, mjukuu kwenye usukani, mimi mlangoni nikilinda mishono yangu. Tukashika njia ya kwenda Richmond Hill kula aiskrimu. Njiani mjukuu akasema kitu, kwa sauti ya kawaida tu, na mzee akamgeukia haraka.

"Nimekusikia," akasema. "Nimekupakia tangu ukiwa mtoto, na ndani ya gari sijawahi kukusikia!"

"Nilikuwa naimba, babu. Kila safari."

"Kweli? Hebu imba."

Akaimba, kwa moyo wote, huku mkono mmoja ukipiga usukani. Mzee alisikiliza ubeti mzima kwa makini, kisha akaniinamia, akadhani ananong'ona.

"Kumbe injini yangu ilinisaidia sana!"

Mjukuu alicheka hadi ikabidi apunguze mwendo, na magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi.